Ramani ya Nani, Kumbukumbu ya Nini? Mjadala wa GPS ya Mkononi

Tuchukue kijiji cha mfano chenye msitu wake katika milima ya Udzungwa. Kimepata fedha za vifaa vya doria, na kwenye orodha imo GPS ya mkononi. Hapo ndipo maneno yanapoanza, kwa sababu vifaa viko vya aina nyingi na bei hazikaribiani. Kuna Garmin eTrex 10, iliyoingia sokoni 2011, ambayo haipokei ramani za kuongeza wala haina tundu la memori kadi. Kuna eTrex 22x ya 2019, yenye skrini ya rangi, gigabaiti 8 na tundu la kadi. Juu yake kuna GPSMAP 65s ya 2020, yenye gigabaiti 16 na uwezo wa kupokea setilaiti kwa masafa mawili. Mnunuzi akisoma boksi, macho yanakimbilia gigabaiti. Mimi naona gigabaiti ndiyo namba ya mwisho kutazamwa. Lakini nisiseme peke yangu. Nimewakalisha watu watano wa kazi, wasio na majina, kila mmoja na hoja ambayo nadhani anayepanga kununua kifaa hiki lazima aijibu.

MWONGOZAJI WA WATALII: Kwangu mimi GPS isiyo na ramani ni saa isiyo na mishale. Nikiwa na wageni mlimani na ukungu umeshuka, nataka kuona mto uko wapi, njia inakata upande gani, kijiji cha karibu ni kipi. eTrex 10 inanionyesha mstari wa nilikopita juu ya skrini tupu. Mstari huo unanirudisha nilikotoka, sikatai, lakini mbele hausemi kitu. Nunueni yenye ramani, tena yenye memori kubwa, muweke Tanzania nzima.

AFISA MISITU: Ramani uliyo nayo, kaka, ilikuja na kifaa au uliiweka mwenyewe?

MWONGOZAJI: Niliiweka. Iliyokuja nayo ilikuwa na barabara kuu na majina ya miji, basi. Nikapakua ya OpenStreetMap, nikaitia kwenye kadi. Wenzangu wanaotembea na magari hununua ya Tracks4Africa, ile iliyojengwa kwa njia za wasafiri wenyewe.

AFISA MISITU: Vizuri. Sasa niambie, ndani ya msitu wa kijiji hiki ramani yako inaonyesha nini?

MWONGOZAJI: Kijani.

AFISA MISITU: Kijani na nini?

MWONGOZAJI: Na vijito viwili.

AFISA MISITU: Mpaka wa msitu?

MWONGOZAJI: Haupo, Mama.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote. Ramani zinazouzwa na zinazogawiwa bure zimechorwa na waliopita, kwa ajili ya wanaopita: barabara, hoteli, vituo vya mafuta, kilele cha mlima. Anayeishi pale ana maswali mengine. Shamba linaishia wapi, msitu unaanzia wapi, chanzo cha maji kiko ndani au nje ya eneo lililotengwa. Majibu hayo hayamo kwenye kadi yoyote ya dukani, hata iwe ya gigabaiti 32.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha hali hiyo, na hakihusu mlima. Mwaka 2009 Kibera, Nairobi, makazi ya watu wengi mno, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za umma. Vijana wa mtaa wakapewa GPS za mkononi, wakatembea vichochoroni wakirekodi vyoo, mabomba ya maji, zahanati na shule, na kazi yao ikajulikana kama Map Kibera. Kifaa chochote cha kubeba ramani ambacho kingeingia Kibera kabla ya hapo kisingekuwa na cha kuonyesha. Kilichohitajika ni kifaa cha kurekodi, na mtu wa kutembea nacho. Dar es Salaam nako, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria ulifanya kazi ya namna hiyo katika kata zinazokumbwa na mafuriko, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakichora mitaro na nyumba wanazozijua.

KIJANA WA SIMU: Wakubwa, mimi naona mnagombania kitu ambacho kila mtu anacho mfukoni. Simu janja ya kawaida leo ina gigabaiti 64, skrini kubwa, kamera, na inapokea setilaiti bila bando. Programu ya ramani unaipakua mjini, ukifika porini inafanya kazi bila mtandao. Mpaka unaweza kuurekodi, picha ya kisiki kilichokatwa unaipiga hapohapo na kodineti zake zinakaa ndani ya picha. GPS ya nini?

MJUMBE WA KAMATI YA MALIASILI: Mwanangu, doria yetu tunalala huko siku tatu. Simu yako itafika siku ya pili?

KIJANA: Nitabeba pawabenki.

MJUMBE: Na mvua ya milimani?

KIJANA: Nitaifunga kwenye nailoni.

MJUMBE: Ukishaifunga utaibonyezaje, na vidole vimelowa? Kifaa hicho kingine kina vitufe. Kinatumia betri mbili ndogo zile za tochi na redio, zinazopatikana kwenye duka la kijiji. Zikiisha natoa, natia nyingine, naendelea.

Mjumbe ana haki, na mtengenezaji anamuunga mkono: eTrex 10 na 22x zinatajwa kukaa hadi saa 25 kwa betri mbili, na eTrex SE ya 2023, ambayo nayo haina ramani, inatajwa kufika hadi saa 168. Skrini zao pia husomeka vizuri zaidi jua linapowaka, wakati ya simu inageuka kioo cha kujitazama uso. Lakini nisimdhulumu kijana. Kwa picha na kwa kujaza fomu simu haina mpinzani, na kijiji kisicho na senti ya GPS kisikae kikisubiri. Kianze na simu.

MPIMA ARDHI: Sasa mniruhusu, maana mmetaja gigabaiti mara nyingi na hakuna aliyepiga hesabu.

Huyu mzee ndiye niliyemngoja. Amepima mashamba na viwanja tangu enzi za kubeba mnyororo, na anaongea polepole kama mtu anayesoma kipimo.

MPIMA ARDHI: Ukitembea na GPS, inaacha nukta nyuma yako. Mfuatano wa nukta hizo ndio traki. Kila nukta, ukiitoa kwenye kifaa kama faili la GPX, ni maandishi: latitudo, longitudo, mwinuko, saa. Tuseme herufi 120. Nukta 10,000 ni kama megabaiti moja na kidogo. Kwenye gigabaiti 8 mngeweza kutia maelfu ya traki kama hiyo. Lakini kifaa hakiwaruhusu. Traki inayoendelea ina kikomo cha nukta 10,000, kwenye eTrex 10 isiyo na ramani na kwenye 22x yenye ramani vilevile. Zilizohifadhiwa ni 100 kwa ya kwanza na 200 kwa ya pili. Kwa hiyo mwenye kutaka kurekodi mpaka hazuiwi na gigabaiti. Anazuiwa na hesabu iliyowekwa na waliotunga programu ya ndani, na hesabu hiyo boksi huiandika kwa maandishi madogo.

MWONGOZAJI: Nukta 10,000 si nyingi, Mzee?

MPIMA ARDHI: Inategemea umeipangaje. Ukiiambia iweke nukta kila sekunde, zinaisha kwa saa mbili na dakika 46. Doria bado hata haijapanda kilima. Ukiiambia kila sekunde kumi, unapata karibu saa 28. Ukipanga kwa umbali, nukta kila mita 10, unapata kilomita 100. Mimi kwa mpaka wa msitu napanga kwa umbali, kwa sababu mtu akikaa chini kula, kifaa hakiendelei kujaza nukta mahali pamoja. Na hakikisheni mpangilio wa kuhifadhi unasema traki ikijaa iwekwe kando, ianze nyingine. La sivyo, kwenye baadhi ya vifaa nukta mpya hufuta za asubuhi.

AFISA MISITU: Na vile vya zamani? Ofisini kwetu ipo GPSMAP 60CSx. Inafanya kazi mpaka leo.

MPIMA ARDHI: Kifaa kizuri sana kile, kina antena ya maana. Lakini kina jambo moja. Traki inayoendelea inashika nukta 10,000. Ukibonyeza kuihifadhi, kinaipunguza hadi nukta 500 na kuondoa saa. Mpaka wenu wa msitu ni urefu gani?

MJUMBE: Kuuzunguka wote? Kama kilomita 30.

MPIMA ARDHI: Gawanya kwa 500. Kila nukta mita 60. Kona yoyote iliyoko katikati ya mita 60 inaweza kunyooshwa. Kama kwenye kona hiyo kuna shamba la mtu, mmeligawa bila kikao. Dawa yake ipo: kifaa hicho kinaweza kuandika traki nzima moja kwa moja kwenye memori kadi, bila kupunguza. Lazima uwashe mpangilio huo kabla ya kuanza kutembea. Baadaye haisaidii.

Nimekaa na hesabu hii ya mita 60 zaidi kuliko jambo lolote lingine katika mjadala. Mpaka wa msitu wa kijiji ni jambo la kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ndizo zinazokipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuusimamia. Kati ya haki hiyo na ardhi yenyewe kuna mtu mmoja anayetembea na kifaa kidogo, na mpangilio ambao pengine hakuna aliyemwonyesha. Tunatumia muda mwingi kuchagua rangi ya skrini, na hatutumii hata nusu siku kumfundisha anayekibeba.

MPIMA ARDHI: Nilikuwa sijamaliza. Mna karatasi za zamani za ramani, zile za 1:50,000?

AFISA MISITU: Tunazo. Mpaka wa msitu wa hifadhi wa jirani umechorwa humo.

MPIMA ARDHI: Karatasi hizo zinatumia mfumo wa kodineti wa Arc 1960. GPS ikitoka dukani inatumia WGS 84. Mahali palepale, mifumo miwili, namba zinatofautiana karibu mita 300, sehemu kubwa ikiwa ni kaskazini na kusini. Ukisoma kodineti kwenye karatasi ukazitia kwenye kifaa bila kubadili mfumo, utasimama mita 300 kutoka kwenye bikoni ya mpaka na kusema bikoni imeng'olewa. Kubadili ni suala la menyu: unaingia kwenye mipangilio ya mahali, unachagua Arc 1960. Kifaa cha bei ya chini kinayo na cha bei ya juu kinayo.

MJUMBE: Kumbe ugomvi wa bikoni kuhama...

MPIMA ARDHI: Mwingine ni wa kweli, bikoni huhamishwa. Ila anzeni na menyu. Na ninyi mna shida ya ziada. Longitudo 36 inakatiza milima hii, na hapo ndipo kanda za UTM zinapogawanyika. Mashariki ni kanda 37, magharibi ni 36. Mtu akiandika kodineti daftarini bila kuandika kanda wala mfumo, ameandika namba tu.

Mwongozaji alikuwa na wazo kuhusu karatasi hizo: kwa nini zisiskaniwe ziingizwe kwenye kifaa? Inawezekana kwa eTrex 20 na 30 na nyinginezo zinazopokea picha za ramani, na hapo tena kikomo hakiko kwenye gigabaiti. eTrex 20 na 30 hukubali vipande 100 vya picha, kila kimoja pikseli 1,024 kwa 1,024. Karatasi moja ya 1:50,000 ni kama sentimita 55 kila upande. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi unapata takribani pikseli 6,500 kwa 6,500, yaani vipande saba kwa saba: 49. Karatasi mbili, umefika 98, mlango umefungwa. Kadi inabaki karibu tupu.

AFISA MISITU: Basi mimi naingia na pendekezo. Kurekodi, eTrex 10 inarekodi nukta 10,000 sawa na 22x. Kupima eneo, eTrex 10 nayo inapima. Nunueni eTrex 10 au SE tatu kwa fedha mliyopata, kila kikundi cha doria kiwe na yake. Traki ya mpaka mkiihifadhi, inaonekana kama mstari kwenye skrini. Doria inajua iko ndani au nje. Ramani ya rangi ni anasa.

MWONGOZAJI: Mstari mmoja, sawa Mama. Lakini kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kuna eneo la malisho, kuna mashamba, kuna vyanzo vya maji, kuna makaburi. Mtatia mistari mingapi isiyo na majina kwenye kiskrini kile? Anayekamatwa akiwa na ng'ombe atauliza: hapa ni malisho au ni msitu? Mtamwonyesha mstari mweusi?

Hili ndilo jibu bora kwa Afisa Misitu, na limenifanya nielemee upande wa Afisa kwa nusu tu. Mpango wa matumizi ya ardhi, ambao Sheria Na. 6 ya 2007 inavipa vijiji nafasi ya kuuandaa, ni ramani. Mara nyingi umechorwa, umepitishwa na mkutano mkuu, na nakala yake inakaa kwenye kabati. Mtaalamu wa ramani wa wilaya akiwa na faili lake anaweza kuligeuza kuwa ramani ya Garmin kwa programu ya bure kama mkgmap, akaitia kwenye kadi ndogo, na kadi ikaingia kwenye 22x. Kuanzia hapo skrini inasema "Malisho" kwa rangi moja na "Msitu wa Kijiji" kwa nyingine. Faili kama hilo ni dogo mno. Ndiyo maana nasema cha kulipia kwenye 22x ni lile tundu la kadi na uwezo wa kupokea ramani ambayo hakuna duka linaloiuza. Gigabaiti 8 zinatosha na kubaki.

KIJANA: Na 65s? Gigabaiti 16, masafa mawili.

MPIMA ARDHI: Achana na 16. Masafa mawili ndiyo hoja. Chini ya miti mikubwa na kwenye mabonde, mawimbi ya setilaiti yanagonga matawi na miamba kabla ya kufika, na kifaa kinadanganyika. Kupokea masafa mawili kunasaidia kutambua wimbi lililozunguka. Kama mngekuwa na fedha ningewaambia mchukue hiyo kwa siku za kuweka mpaka, na kwa siku hizo tu.

AFISA MISITU: Kukosea mita tano kuna ubaya gani kwa msitu?

MPIMA ARDHI: Kwa msitu, kidogo. Msitu wa hekta 400, tuseme mraba wa kilomita mbili kwa mbili, mzunguko ni mita 8,000. Hata ukikosea mita tano kwa upande uleule njia nzima, ni hekta nne, asilimia moja. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20, mita tano ni robo ya upande. Kwa hiyo mtu asije kuniambia anatoa hati ya kiwanja kwa kifaa hiki. Kwenye bikoni za msitu, simameni dakika kadhaa kila bikoni, kifaa kichukue wastani, msipite mbio.

Hukumu yangu basi. Kijiji chenye mpango wa ardhi uliokamilika kinunue 22x moja na zile rahisi mbili: moja ya kusoma ramani ya kijiji, mbili za kutembea na kurekodi. Kisicho na mpango kinunue rahisi tatu, kama Mama Misitu anavyosema, na fedha inayobaki ilipe mafunzo ya siku mbili, betri za mwaka, na kebo ya kuhamishia data, ambayo husahaulika karibu kila mara. Ile ya masafa mawili iazimwe wilayani kwa wiki ya kuweka mpaka. Mwongozaji hakubaliani nami. Bado anataka ramani kwa kila kikundi, na kwa yule anayefika msituni mara ya kwanza ana hoja. Wajumbe wa kamati hawafiki mara ya kwanza.

Jambo moja lilibaki bila maafikiano, na naliona zito kuliko aina ya kifaa.

MJUMBE: Mmeongea memori ya kifaa. Kifaa kikiibwa au kikianguka mtoni?

AFISA MISITU: Traki zitakuwa wilayani. Kila mwezi mnaleta, tunazihifadhi kwenye kompyuta.

MJUMBE: Hapana, Mama. Traki ibaki ofisi ya kijiji kwanza, na bikoni ziandikwe kwenye kitabu cha mihutasari, kila moja na namba zake, mfumo na kanda, kama Mzee alivyosema. Kijiji jirani kikija kutuuliza, tufungue kitabu, tusiambiwe mwenye kompyuta yuko likizo.

AFISA MISITU: Na nakala wilayani.

MJUMBE: Na nakala wilayani, baada ya mkutano mkuu kuiona.

AFISA MISITU: Mkutano mkuu unakaa kila miezi mitatu.

MJUMBE: Basi mtasubiri miezi mitatu.